Ujumbe wa Simu Husafiri Namna Gani?

Siku hizi wakulima wengi hutumia simu ya mkononi kumwita Bwana Shamba, kuuliza bei ya mahindi au kupokea fedha za maziwa. Lakini ni wachache wanaojua njia ambayo ujumbe mfupi hupita. Yafaa kuijua, maana asiyeijua huweza kupata hasara.

Ujumbe hautoki katika simu yako ukaingia moja kwa moja katika simu ya mwenzako. Kwanza huchukuliwa na mawimbi ya redio mpaka mnara ulio karibu, na kutoka hapo hupelekwa kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni ya simu. Kituo hiki ni kama posta. Huupokea ujumbe, huutunza, kisha hutafuta habari za mwenye kupelekewa, yuko upande wa mnara gani. Akijulikana, ujumbe hupelekwa huko na kuingia katika simu yake.

Kama simu yake imezimwa, au yuko bondeni pasipofika mawimbi, kituo huuweka ujumbe na kujaribu tena baadaye. Muda uliowekwa ukipita, ujumbe hufutwa. Basi simu yako ikisema ujumbe umetumwa, maana yake ni kwamba kituo kimeupokea, wala si kwamba mwenzako ameusoma. Ng'ombe wako akiugua, usimtumie daktari wa mifugo ujumbe ukaketi kungoja. Mpigie.

Mbona ujumbe ni mfupi? Ni kwa sababu hupita katika njia ndogo ambayo simu na mnara hutumia kupashana habari, si njia ya sauti. Nafasi yake ni herufi 160 tu, pamoja na nukta na nafasi baina ya maneno. Ukizidisha, ujumbe hukatwa vipande, na huenda ukalipishwa kila kipande. Ujumbe wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu za Krismasi.

Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, malipo huthibitishwa kwa ujumbe. Jihadhari! Mtu yeyote aweza kuandika maneno yanayofanana na hayo. Mnunuzi akikuonyesha ujumbe wa malipo, usimpe magunia kabla hujatazama salio katika simu yako mwenyewe. Wala usimwambie mtu namba yako ya siri. Ujumbe ni maneno tu. Fedha ni zile zilizo katika salio.