Tumbo la ghafla: si kila maumivu ni chango

Katika nyumba zetu nyingi mtu akishikwa na tumbo usiku, jambo la kwanza ni kuyapa maumivu jina. Akiwa mwanamke ataambiwa ni chango, akiwa mwanaume ni ngiri, na ukiwa ni mwezi wa Ramadhani basi amezidisha futari. Mara nyingi huwa ni gesi au kuharisha tu, na asubuhi mgonjwa anaamka mzima. Lakini yako matumbo ambayo ukiyasubirisha hadi asubuhi umechelewa.

Kabla ya dawa yoyote, muulize mgonjwa. Maumivu yalianza ghafla au polepole? Yalianzia wapi, na sasa yako wapi? Kipi kilitangulia, kuumwa au kutapika? Mwangalie pia anavyolala. Mwenye jiwe la figo hatulii. Hugaagaa, na maumivu hutoka ubavuni yakashuka kinenani. Ama yule ambaye ndani ya tumbo lake kumemwagika uchafu au usaha, hulala kimya, hataki hata kitanda kitikiswe, na akikohoa huumia zaidi. Watu husema "afadhali ametulia", kumbe huyo ndiye wa kukimbizwa.

Ugonjwa wa kidole tumbo kwa kawaida huanzia kitovuni. Hamu ya chakula hupotea, kisha hufuata kichefuchefu au kutapika, na baada ya saa kadhaa maumivu huhamia chini upande wa kulia. Kikipasuka, usaha husambaa tumboni. Kidonda cha tumbo kikitoboka, maumivu huja mara moja kama kisu chini ya chembe ya moyo, na tumbo hukakamaa kama ubao. Homa ya matumbo iliyocheleweshwa kutibiwa nayo huweza kuutoboa utumbo.

Hapa nataka tusimame kidogo kwa akina mama. Mwanamke yeyote aliye katika umri wa kuzaa, akipatwa na maumivu makali chini ya tumbo, achukuliwe kuwa huenda ni mjamzito mpaka apimwe. Mimba ikitunga nje ya kizazi, mara nyingi ndani ya mrija, mrija hupasuka na damu humwagikia ndani. Huenda hedhi imechelewa kwa wiki mbili tu, au ametokwa na damu kidogo akadhani ndiyo siku zake. Akihisi kizunguzungu, akizimia, akipauka, au akilalamika kuwa bega linamuuma, hiyo ni dharura. Anaweza kupoteza maisha huku nje haionekani damu ya kutisha. Tatizo ni kwamba tunamuuliza habari za hedhi mbele ya wakwe na mashemeji. Hatasema. Mtoeni pembeni aulizwe na mwanamke mwenzake.

Aibu hiyo hiyo iko kwa vijana wa kiume. Mvulana husema tumbo linamuuma, kumbe korodani imejisokota. Hiyo inatakiwa ifunguliwe kwa upasuaji ndani ya saa sita hivi, la sivyo inaweza kufa. Baba, muulize mwanao waziwazi.

Mtu akijaa tumbo, akatapika nyongo ya kijani, asipate choo wala kutoa upepo, utumbo umeziba. Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani na leo imegoma, imekuwa ngumu na inauma, nayo ni ya upasuaji wa haraka.

Wakati mwingine chanzo hakiko tumboni kabisa. Sukari ikipanda sana kwa mwenye kisukari, selimundu, nimonia kwa mtoto, hata mshituko wa moyo kwa mtu mzima, vyote huweza kujitokeza kama tumbo.

Ukiona dalili hizi usimpe mgonjwa chakula wala kinywaji, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi. Usimpe dawa ya kuharisha, usimkande tumbo, usimpige bomba la mitishamba. Aspirini na diklofenaki za dukani zinaweza kukitonesha kidonda. Hospitali atapewa dawa ya maumivu inayomfaa. Kama amefunga, swaumu isiwe sababu ya kuchelewesha safari, kwani mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Chukueni dawa anazotumia, pamoja na zile za kienyeji, mkamwonyeshe daktari bila kuficha.