Mtambo wa ukungu: Pima maji kabla ya kununua tangi

HUENDA una mkahawa mjini Mombasa na unataka kuweka mtambo wa kunyunyiza ukungu wa maji ili wateja wapate ubaridi. Kabla ya kumwita fundi, sikiza ushauri wa daktari.

Ukungu hupoza kwa sababu maji yakigeuka mvuke hunyonya joto la hewa. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, hivyo maji hayakauki upesi. Weka mtambo mahali palipo wazi, penye upepo, la sivyo wateja watalowa tu.

Kisha piga hesabu. Nozeli moja ikitoa lita 5 kwa saa, nozeli 10 zitatoa lita 50. Ukiuwasha mtambo saa 6 kwa siku, utahitaji lita 300. Ukinunua tangi la lita 2,000 na kuliweka juani, maji yatakaa humo karibu wiki nzima yakipata joto.

Hapo ndipo hatari ilipo. Viini viitwavyo Lejionela hustawi katika maji yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45, hasa yakituama. Mtu akivuta matone yake madogo, viini hufika mapafuni na kuleta nimonia kali. Mwaka 1989, katika mji wa Bogalusa, Marekani, watu zaidi ya 30 waliugua. Chanzo kilikuwa mashine ya kunyunyizia mboga ukungu dukani.

Wanaodhurika zaidi ni wazee, wavutaji sigara, na wenye kisukari, maradhi ya mapafu au kinga hafifu.

Kwa hivyo, nunua tangi linalotosha siku moja, ulifunike na uliweke kivulini. Tumia maji safi yenye klorini. Mwaga yanayobaki kila jioni, mabombani pia, na usafishe tangi na nozeli mara kwa mara. Usirudishe maji yaliyodondoka sakafuni.

Je, umeshikwa na homa, kikohozi, maumivu ya misuli na shida ya kupumua siku 2 hadi 14 baada ya kuketi penye ukungu? Nenda hospitalini upesi, na umweleze daktari kuhusu ukungu huo. Penisilini na amoksilini hazitibu nimonia hii. Daktari asipojua ulikokuwa, huenda akakupa dawa isiyofaa na wakati ukapotea bure.