Kenge wa Makumbusho

Ukipita vichakani huko Tunguu, Unguja, huenda ukamwona kenge akikatiza njia. Mara hutoweka. Je, uliwahi kuhesabu vidole vyake? Katika jumba la makumbusho mwanasayansi aweza kumchunguza bila haraka.

Mwili wa kenge aliyekufa hudungwa fomalini ili usioze, kisha huwekwa ndani ya chupa yenye spiriti. (Kazi hii si ya darasani, maana fomalini ni sumu.) Rangi hufifia, lakini magamba na makucha hubaki. Kibandiko hueleza mahali alipopatikana na tarehe. Pasipo kibandiko, mwili huo hauna faida kubwa, hata ukiwa mzima.

Wanyama wenye manyoya huhifadhiwa ngozi na mafuvu yao. Mwaka 1932 mtaalamu Pocock wa makumbusho ya London alieleza tofauti ya chui wa Unguja na chui wa bara: madoa yake ni madogo zaidi. Leo wataalamu wengi huamini kuwa chui huyo ametoweka kisiwani. Atakaye kuyatazama madoa hayo hana budi kuzitafuta ngozi zilizohifadhiwa zamani.