Je, Wajua? Gari Nalo Hukata Tiketi

Marekani kuna treni ya abiria isiyompakia mtu asiye na gari au pikipiki. Ni Auto Train ya Amtrak. Huondoka Lorton, Virginia, jioni na kufika Sanford, Florida, asubuhi: kilomita zipatazo 1,376, bila kituo cha kushukia abiria njiani.

Mwenye gari lake la Porsche anayekwenda likizo huacha ufunguo. Mlangoni mwa gari hubandikwa namba ya sumaku, mfanyakazi akaliingiza gari kwenye behewa lililofunikwa pande zote. Usiku kucha halioni wala haligusi! Asubuhi husubiri namba yake iitwe, na kuwahi kufika kituoni jana yake hakumfanyi aitwe mapema. Wasio na subira hulipa zaidi, magari yao yawe kati ya 30 ya kwanza kushushwa.