Sakafu kumi na nane: hesabu ya futsal ya wasichana Nyamagana

Tarehe 30 Aprili 2025, mjini Rabat, timu ya taifa ya wanawake ya futsal ya Tanzania ilifungwa mabao 3-2 na wenyeji Morocco. Ilikuwa fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake katika mchezo huo. Kombe lilibaki Rabat, lakini nafasi kubwa zaidi tuliipata: timu zote mbili za fainali zilifuzu Kombe la Dunia la kwanza la FIFA la futsal ya wanawake, lililochezwa Ufilipino kuanzia Novemba 21 hadi Desemba 7, 2025.

Timu zilikuwa 16. Amerika Kusini ilipeleka tatu: Brazil, Argentina na Colombia. Afrika ilipeleka mbili, na moja ilikuwa yetu. Tulipangwa kundi moja na Ureno, Japani na New Zealand, na Ureno hao walifika fainali, wakafungwa na Brazil 3-0. Wanaume walianza kombe lao la dunia la FIFA mwaka 1989 nchini Uholanzi, kwa hiyo wanawake wamesubiri miaka 36. Mlango umefunguliwa, nasi tumeingia pamoja na wa kwanza.

Swali la uchambuzi huu ni la mtaani. Msichana wa Mabatini, Igoma au Mkolani, katika wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, anayetaka kuianza njia hiyo anahitaji nini, na itagharimu kiasi gani kumpatia?

Eneo

Tuanze na ardhi, kwa sababu Mwanza ardhi tambarare ni mali adimu. Jiji limekaa juu ya miamba, na nyumba zimepanda vilima hadi kileleni. Uwanja wa kawaida wa soka, wa mita 105 kwa 68, unahitaji mita za mraba 7,140. Uwanja wa futsal wa mita 40 kwa 20 unahitaji mita za mraba 800. Eneo la uwanja mmoja wa soka ni karibu sawa na la sakafu tisa za futsal.

Uhaba wa nafasi ndio ulioizaa futsal. Mwaka 1930, huko Montevideo, Uruguay, mwalimu Juan Carlos Ceriani wa YMCA aliwatafutia vijana soka ya kuchezwa kwenye uwanja wa kikapu na ndani ya ukumbi. Kutoka hapo mchezo ulisambaa Amerika Kusini, na Brazil ikaufanya shule yake. Amandinha, Mbrazili aliyetajwa mchezaji bora wa dunia wa futsal ya wanawake mara nane mfululizo, ni zao la shule hiyo.

Mpira kwa kila mguu

Futsal ina wachezaji watano kila upande, kipa akiwemo. Kikosi cha mechi ni watu 14, na kubadilisha wachezaji hakuna kikomo. Goli ni mita 3 kwa 2. Mpira ni namba 4, wenye gramu 400 hadi 440, na haudundi sana. Mchezo ni vipindi viwili vya dakika 20, na saa husimama kila mpira unapotoka. Mchezaji akichelewesha mpira wa kuanzisha kwa zaidi ya sekunde nne, unakwenda kwa wapinzani. Timu ikifikisha faulo ya sita katika kipindi kimoja, wapinzani hupiga mpira huru bila ukuta.

Tugawanye muda. Dakika 40 za mpira ulio mchezoni kwa wachezaji 10 ni dakika nne kwa kila mmoja. Katika soka, mechi ya dakika 90 huwa na takriban dakika 55 za mpira ulio mchezoni. Ukizigawa kwa wachezaji 22, kila mmoja anapata dakika mbili na nusu. Nafasi nayo imebana: kila mchezaji wa futsal ana mita za mraba 80, wakati wa soka ana zaidi ya 320. Kwa binti anayejifunza, maana yake ni kuugusa mpira mara nyingi zaidi, kuamua haraka zaidi na kutopata mahali pa kujificha. Watoto wetu wanaijua shule hii tayari. Anayecheza chandimu uchochoroni anajua kumhadaa mtu katika hatua mbili. Alichokosa ni sakafu, mpira sahihi na mwalimu.

Uwanja ambao tayari upo

Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Shule zetu zina desturi ya netiboli, na uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Sheria za futsal kwa mechi zisizo za kimataifa zinaruhusu urefu wa mita 25 hadi 42 na upana wa mita 16 hadi 25. Urefu unatosha. Upana umepungua sentimita 75 tu.

Kwa hiyo shule haihitaji kutafuta kiwanja kipya. Inahitaji kuongeza sentimita 75 na kumwaga sakafu. Juu ya sakafu hiyo hiyo huchorwa mistari ya michezo miwili kwa rangi mbili, na netiboli haipotezi chochote. Inapata sakafu isiyo na matope ya masika.

Saruji, kokoto na mabomba

Tuchukue uwanja wa mita 30.5 kwa 16, tuongeze mita moja kila upande kwa usalama. Tunapata mita 32.5 kwa 18, yaani mita za mraba 585. Zege la unene wa sentimita 10 litakuwa mita za ujazo 58.5. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita ya ujazo hula mifuko sita na nusu hivi ya saruji ya kilo 50. Jumla ni mifuko 380, mchanga mita za ujazo 26 na kokoto mita za ujazo 52.

Bei ya saruji hupanda na kushuka, kwa hiyo tufanye mfano: mfuko ukiuzwa Sh 18,000, saruji yote ni Sh 6,840,000. Bei ikipanda kwa Sh 1,000, ongeza Sh 380,000. Sakafu kamili ya mita 40 kwa 20, pamoja na kingo zake, ingekula mifuko 600, yaani Sh 10,800,000 kwa bei hiyo hiyo. Kokoto haitoki mbali: Mwanza kuna akina mama wanaoishi kwa kugonga mawe, na kununua kwao ni kurudisha fedha kwenye familia za mabinti hao hao.

Magoli ni rahisi zaidi. Fremu moja inahitaji mita 7 za bomba, mawili mita 14. Mabomba matatu ya mita 6 yanatosha, na mita 4 zinabaki kwa mihimili ya nyuma. Ongeza nyavu, rangi, wavu wa chuma wa BRC wa kuimarisha zege, na ufundi. Fundi aipe sakafu mwinuko mdogo upande mmoja, maji ya mvua yasituame.

Wasichana wangapi?

Masomo yakiisha saa 9 alasiri, na jua la Mwanza likizama karibu saa 1 usiku, kuna nafasi ya vipindi viwili vya dakika 90, na binti akafika nyumbani kungali na mwanga. Kwa siku sita ni vipindi 12. Kila kipindi kikichukua wasichana 20, mahudhurio ni 240 kwa wiki. Kila mmoja akija mara mbili, sakafu moja inahudumia wasichana 120.

Gawanya saruji ya Sh 6,840,000 kwa wasichana hao: ni Sh 57,000 kwa kila mmoja. Sakafu ikidumu miaka 10, ni Sh 5,700 kwa mwaka.

Nyamagana ina kata 18. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834, wastani wa watu 33,000 kwa kata. Sakafu moja kila kata ni mifuko 6,840 ya saruji, yaani Sh 123,120,000 kwa bei yetu ya mfano, na nafasi kwa wasichana 2,160.

Gharama zinazosahaulika

Zege la nje ni darasa, si ukumbi wa kimataifa. Mashindano makubwa huchezwa juu ya mbao au sakafu laini ya kutengenezwa, chini ya paa. Zege huchubua magoti na kuchosha viungo. Mwanza itahitaji angalau ukumbi mmoja wenye paa ili walioiva shuleni wavuke ngazi.

Gharama ya pili ni mwalimu. Hapa Nyamagana ina bahati: Chuo cha Ualimu Butimba kimo ndani ya wilaya na kinajulikana kwa kuandaa walimu wa michezo. Timu ya Alliance Girls ya Mahina nayo imekwisha kuonyesha kwamba soka ya wanawake inaweza kulelewa hapa hadi Ligi Kuu.

Ya tatu ni mechi. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,100, na hakuna timu ya shule itakayoimudu safari hiyo kila mwezi. Lakini wachezaji 14 na viongozi wao wanaenea kwenye Kosta moja, na tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, Sengerema na Geita hazingojei tena kivuko. Ligi ya Kanda ya Ziwa inawezekana kwa safari za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Halmashauri ya Jiji, Mfuko wa Jimbo na kamati za shule wasisubiri fedha za kata zote 18. Waanze na kata tatu mwaka huu, waweke hesabu hadharani, wahesabu mahudhurio, kisha waongeze. Tanzania ilifika Kombe la Dunia kabla ya kuwajengea wasichana wake sakafu za kujifunzia. Mzazi, mwalimu na diwani unayesoma hapa, pima uwanja wa netiboli wa shule yako, kisha peleka vipimo hivyo kwenye kikao kijacho cha kata.