Ukiletewa mkataba wa uwakala, angalia kwanza wamekuandika wewe nani

Leo sina habari ya chimbo wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Leo ni karatasi. Najua wengi wetu hatupendi kusoma karatasi. Mimi mwenyewe mkataba wangu wa kwanza wa uwakala niliusaini nimesimama, boda yuko nje anapiga honi na mzigo wa mteja wa Kigamboni.

Kwa wageni, mimi nauza vyombo vya jikoni. Nina duka dogo Mbagala, ila hela yangu nyingi inatoka mtandaoni. Kuna kampuni moja inasambaza vyombo vya umeme, blenda, pasi, majagi ya kuchemshia maji. Waliona kurasa zangu zina watu, wakanifuata. Niwauzie, wanipe kamisheni kila mwisho wa mwezi. Mkataba ukaja, kurasa nne. Ndani wameandika mimi ni "mkandarasi huru". Nikacheka, nikajua wananipa tenda ya kujenga barabara.

Nilichokiona ni kamisheni tu. Maneno hayo mawili nikayapita.

Kazi ikaanza vizuri tu. Baada ya mwezi wakaniambia nifike kwenye stoo yao kila siku, saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, Jumatatu hadi Jumamosi. Wakanipa simu yao, laini yao na fulana yenye nembo. Kila jioni natuma ripoti kwa msimamizi. Siku nikichelewa naulizwa. Siku nimeposti sufuria zangu mwenyewe nikapigiwa simu nizitoe, nimekatazwa kuuza mzigo mwingine muda wa kazi. Muda wa kazi! Na mimi nikaona sawa, si wananilipa.

Kwa wastani nilikuwa napata kamisheni ya 640,000 kwa mwezi. Wanakata asilimia 5, yaani 32,000, napokea 608,000. Kwenye karatasi ya malipo wameandika "kodi ya zuio". Miezi tisa ikaenda hivyo. Mwezi wa kumi ukaingia ujumbe wa WhatsApp saa mbili usiku kwamba kuanzia kesho hawahitaji tena huduma yangu, nirudishe simu na fulana. Basi, imeisha.

Uchungu wenyewe nikaukuta mwisho wa mwaka nilipokwenda TRA kwa ajili ya hesabu za biashara yangu. Nikamwambia yule dada wa dirishani kwamba nilishakatwa kodi, 32,000 mara miezi tisa, jumla 288,000. Akaniambia vizuri tu, bila ukali: lete vyeti. Vyeti vipi? Kumbe kampuni ikikukata kodi ya zuio inatakiwa iipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na wewe ikupe cheti cha kodi ya zuio. Kwa sisi wenye biashara ile asilimia 5 si kodi ya mwisho. Inahesabiwa kama umeshalipa sehemu ya kodi yako ya mwaka. Ila bila cheti huna cha kuonyesha. Mimi nilikuwa na picha za karatasi zao za malipo kwenye simu, tena nyingine zimekatwa kichwa. Niliwapigia kampuni kuulizia vyeti mpaka wakaacha kupokea.

Hapo ndipo nilipomfuata kaka mmoja mhasibu, mpangaji mwenzangu wa zamani. Nilitaka anisaidie vyeti tu. Akasoma mkataba, akaniuliza ratiba yangu ilikuwaje, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi hapo juu. Akasema, "Dada, wewe hukuwa wakala. Wewe ulikuwa mwajiriwa ambaye hajaandikwa."

Akanionyesha kitu ambacho natamani kila muuzaji akijue. Kuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Kinasema kwa upande wa sheria za kazi mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba umeandikwa kwa namna gani, kama kuna jambo moja au zaidi kati ya saba. Na anayepinga ndiye anatakiwa athibitishe. Rudia hapo: jambo moja tu linatosha kuanzia, na jina lililoandikwa juu ya mkataba halimalizi mjadala.

Tukaanza kuhesabu. Namna unavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine? Ndiyo, mpaka maneno ya kuposti walikuwa wananiandikia. Saa zako za kazi zinapangwa na yeye? Ndiyo. Umemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Jamani, mimi saa 45 nilikuwa nazimaliza kwa siku tisa. Vifaa vya kazi unapewa na yeye? Simu, laini, fulana. Unamtegemea yeye kiuchumi? Kipindi kile duka langu lilikuwa limelala, ndiyo. Unamfanyia kazi yeye peke yake? Hapa nikabishana naye kidogo kwa sababu duka ni langu, akasema sawa, tuliache. La saba ni kama wewe ni sehemu ya taasisi yao. Nilikuwa kwenye kundi lao la WhatsApp la wafanyakazi na nilipangiwa zamu ya kufungua stoo. Utajaza mwenyewe.

Akaniambia pia nisichanganye mambo. Kifungu hicho ni cha sheria za kazi, cha kodi kina sheria yake. Lakini maswali yale yanakusaidia kujua unatakiwa kukatwa nini. Mwajiriwa anakatwa PAYE na anawekewa NSSF. Mtoa huduma anayejitegemea anakatwa ile asilimia 5 ya zuio, kodi nyingine anamalizana nayo mwenyewe kwenye biashara yake.

Tukapiga hesabu, na hii iliniumiza kuliko zile 288,000. Kama ile 640,000 ingekuwa mshahara, ingetoka kwanza asilimia 10 ya NSSF upande wangu, 64,000. Inabaki 576,000. PAYE kwenye 576,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kile kinachozidi 520,000, jumla 31,200. Angalia hapo: kodi ni karibu ileile! Nilikatwa 32,000, ningekatwa 31,200. Lakini mwajiri naye angeweka asilimia 10 yake, kwa hiyo kila mwezi kwenye NSSF zingeingia 128,000. Kwa miezi tisa ni 1,152,000, na nusu yake ni hela ya kampuni, si yangu. Bado hatujasema likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, wala notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mimi notisi yangu ilikuwa usiku mmoja.

Nisiwafiche, mkononi ningepokea kidogo zaidi. 544,800 badala ya 608,000. Kuna watu watasema bora hela mkononi, na siwalaumu, kodi ya fremu haingoji uzeeni. Lakini mimi sikupewa nafasi ya kuchagua. Walinitumia kama mwajiriwa, wakanilipa kama wakala, na vyeti vya uwakala wenyewe hawakunipa.

Nikauliza kama naweza kulalamika. Kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30, na mimi nilikuwa nimeshakaa karibu miezi mitatu nauguza hasira. Kuomba wakusikilize nje ya muda inawezekana, ila lazima uwe na sababu ya kueleweka. "Nilikuwa sijui" niliona haina nguvu, nikaacha.

Sasa kwa nini nimeyakumbuka leo. Wiki mbili zilizopita kampuni nyingine imenifuata, ya majiko ya gesi na vifaa vyake. Mkataba kurasa sita. Safari hii nilifunga duka saa moja mapema, nikakaa na kalamu, nikaupiga mstari kila mahali panaposema "atalazimika", "muda" na "kodi".

Ukurasa wa kwanza, mkandarasi huru tena, atawajibika kwa kodi zake zote. Sawa. Ukurasa wa tatu, wakala atafika ofisini kila siku saa mbili asubuhi. Haviendani! Kama najitegemea, nipe idadi ya majiko ya kuuza kwa mwezi, saa niachie mimi. Ukurasa wa nne, wakala hataruhusiwa kuuza bidhaa za mtu mwingine yeyote. Hilo lingenifungia duka langu mwenyewe. Nikaandika pembeni: nisiuze majiko ya kampuni nyingine, basi, sufuria zangu ziachwe.

Halafu kuna kimoja kilikuwa mwishoni kabisa, na hiki ndicho nawaomba mkitafute kwenye mikataba yenu. Kilisema endapo mamlaka yoyote itaona kuwa wakala ni mwajiriwa, wakala atairudishia kampuni kodi, michango na adhabu zote itakazodaiwa. Nilikisoma mara tatu. Maana yake wanajua hilo linaweza kutokea, na likitokea bili ni yangu. Yaani wao wakwepe kuniwekea NSSF, halafu wakikamatwa mimi ndiye niwalipie. Sikuandika kitu pembeni hapo, nilikata mstari kutoka juu mpaka chini.

Nikaongeza viwili vya kwangu. Kila mwezi wakikata kodi ya zuio wanipe cheti chake kabla ya malipo ya mwezi unaofuata. Na kuachana iwe kwa maandishi, notisi ya siku 30.

Niliutuma nikiwa natetemeka kidogo, nikijua watasema huyu dada wa Mbagala anajifanya wakili. Meneja wao alinipigia, akaanza kwa ukali, "Mbona mawakala wengine wote wamesaini?" Nikamjibu kwa heshima, "Bosi, mimi nataka niwe huru kama mlivyoandika wenyewe." Akanyamaza. Baada ya siku nne umerudi. Kile kifungu cha mwisho wamekitoa, saa za kufika wamezitoa, cheti wamekubali. Notisi wamenipa siku 14, hawakusogea hapo. Kwenye kuuza vitu vyangu wamekubali isipokuwa majiko. Nimesaini jana, nimekaa kwenye kiti.

Kuna jambo moja nilitaka kuliacha ila halinipi usingizi. Hapa dukani nina mdogo wangu wa hiari, binti anayejibu wateja na kufunga oda. Anakuja kila siku saa mbili. Anatumia simu yangu. Namlipa kamisheni, na siku zote nimekuwa nikiwaambia watu "huyu ni wakala wangu". Usiku ule niliposoma tena yale maswali saba, nikayajibu kwa niaba yake. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka mwisho.

Juzi tumekaa naye. Mwezi ujao naanza na mshahara wa kueleweka kwa maandishi, kamisheni inabaki juu yake kidogo. Itanibana, nimeshapunguza mzigo wa Desemba. Namba ya NSSF anayo tayari, ya kazi yake ya zamani, kasema atanitumia picha ya kadi akifika nyumbani.