Tofali Kwanza, Kompyuta Baadaye

Kila linapotajwa suala la kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kuandika programu, swali la kwanza huwa: kompyuta zenyewe ziko wapi? Katika kata kama Ihanda, wilayani Karagwe, swali hilo hufunga mjadala kabla haujaanza. Shule nyingi za serikali vijijini, iwe Karagwe au Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, hazina chumba cha kompyuta, na ile yenye kompyuta moja huiweka ofisini kwa mwalimu mkuu kwa ajili ya takwimu na barua. Basi watu hukubaliana kwamba somo lisubiri. Mimi naona halina cha kusubiri. Sehemu ngumu ya kuandika programu ni kupanga hatua, kuzieleza bila utata, kuona matokeo yamekwenda kombo na kuisaka hatua iliyoharibu mambo. Kazi hiyo mtoto anaweza kuifanya akiwa sakafuni na vitofali vya mbao mkononi, na pengine akaifanya vizuri kuliko mwenzake aliyewekwa mbele ya skrini bila mwalimu anayejua anachokitafuta.

Kufundisha kwa vitofali kuna historia ndefu kidogo. Kampuni ya LEGO ilianzishwa na seremala Ole Kirk Christiansen huko Billund, Denmark, mwaka 1932, na kitofali chake cha plastiki chenye vifundo juu na mirija ndani kiliombewa hataza mwaka 1958. Siri yake ni vipimo. Kwa kuwa kila kitofali kinashika kingine popote, vitofali viwili vya vifundo vinane, vya rangi moja, huungana kwa namna 24. Vitatu kwa namna 1,060. Na sita kwa namna 915,103,765. Ubunifu wote huo unatokana na kanuni moja ya kushikana. Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi na Jean Piaget kule Geneva kabla ya kuhamia chuo cha MIT, Marekani, aliona kwamba kompyuta nayo ingeweza kuwa kitu cha kujengea. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitunga Logo, lugha ambayo mtoto huitumia kumwamuru kobe wa kwenye skrini asogee na kuchora. Kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, kilipendwa kiasi kwamba LEGO waliazima jina hilo kwa seti yao ya roboti ya mwaka 1998. Mwaka 2007 MIT ikatoa Scratch, ambamo amri zenyewe zina umbo la vipande vya kupachikana: amri isiyofaa mahali fulani haiingii.

Papert aliahidi makubwa, na inafaa kueleza pia yaliyofuata, kwa sababu hapo ndipo ushahidi unapotufaa. Mwaka 1984 watafiti Roy Pea na Midian Kurland waliwapima watoto waliojifunza Logo, wakakuta hawakuwa wapangaji wazuri zaidi ya wenzao wasiojifunza. Kuchezea lugha ya kompyuta peke yake hakukuwapa akili ya kupanga. Lakini mwaka 1988 David Klahr na Sharon Carver walifanya jambo tofauti: waliwafundisha watoto waziwazi namna ya kusaka kosa, yaani kulinganisha kilichotakiwa na kilichopatikana, kukisia aina ya kosa, kulitafuta mahali linapoweza kuwa, kulisahihisha na kujaribu tena. Watoto hao waliweza kusahihisha hata maelekezo ya kawaida yaliyoandikwa kwenye karatasi, yasiyohusu kompyuta kabisa. Tuongeze na Peru, ambako kompyuta ndogo za mpango wa kila mtoto na kompyuta yake ziligawiwa vijijini. Utafiti wa shule 319 uliotoka mwaka 2012 haukuona ongezeko la alama za hisabati wala za lugha. Rwanda, ng'ambo tu ya mto Kagera, ilianza kupokea kompyuta za mpango huo mwaka 2008 na ikagawa zaidi ya 200,000. Wanaotamani Karagwe ipate shehena kama hiyo waisome Peru kwanza. Chombo hakifundishi kusaka kosa. Mwalimu ndiye anayefundisha, na chombo humsaidia kadiri kinavyolianika kosa.

Tofali hulianika kosa vizuri sana. Chukua vitofali vya mbao vyenye urefu wa sentimita 8, upana 4 na kimo 3, pamoja na vingine vya nusu, sentimita 4 kwa 4. Fundi seremala yeyote anaweza kuvikata kutoka mabaki ya msonobari au mkaratusi, kisha vikapigwa msasa na kupakwa rangi tatu. Wanafunzi wawili wanakaa wakipeana migongo. Mmoja anajenga kitu kwa vitofali sita na kuandika hatua zake kwenye daftari. Mwenzake anazifuata bila kuuliza. Hatua ya kwanza inasema: weka chekundu. Kikiwa kimelala au kimesimama? Ya pili inasema: weka cha buluu juu yake, kulia. Kulia kwa nani, ilhali wamepeana migongo? Wakigeuka, kila mmoja ana jengo lake, na hakuna wa kulaumiwa ila maandishi. Hapo mwalimu hatakiwi kutoa jibu. Anatakiwa kuuliza ni hatua ya ngapi ambapo majengo mawili yalianza kuachana. Wakishaipata, watoto wenyewe huanza kutaka alama ya pamoja: upande mrefu uelekee ubaoni, kulia ni upande wa mlango. Wamebuni mfumo wa majira bila kutajiwa x wala y.

Kutoka hapo wanahamia kwenye ukuta, ambao ni programu kamili. Kila fundi mwashi na kila saidia fundi anajua kwamba mshono wa kozi moja haupaswi kukaa juu ya mshono wa kozi iliyo chini yake. Mtoto anaweza kuanza kwa kuandika hivi: rudia mara nne, weka matofali manne mazima kwa mstari, ukimaliza mstari, panda juu. Ukuta unasimama, unapendeza. Kisha mwalimu anausukuma kwa kidole kimoja, nao unapasuka kwenye mishono iliyopangana kuanzia juu hadi chini. Kosa limeonekana bila mtu kukaripiwa. Sasa inabidi kuwe na sharti: kama kozi ni ya kwanza au ya tatu, weka manne mazima, kama ni ya pili au ya nne, anza na nusu, weka matatu mazima, malizia na nusu. Urefu unabaki sentimita 32 kote, na watoto wanaweza kuhakikisha kwa rula. Ndani ya kipindi kimoja wamekutana na kurudia, sharti na kupima matokeo, mambo matatu ambayo mwandishi wa programu huyatumia kila siku. Wakitaka kuujenga ukuta wa kozi ishirini, hawaandiki upya. Wanabadilisha namba moja na kulifupisha sharti liulize tu kama namba ya kozi inagawanyika kwa mbili.

Upande wa usanifu, nchi yetu ina mfano wake ambao ungepaswa kuwa darasani zamani. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukieneza matofali ya kufungamana, yanayofyatuliwa kwa mashine ya mkono kutoka udongo na saruji kidogo, hayachomwi, na hupangwa bila chokaa katikati kwa sababu yana meno na matundu yanayoshikana. Ni ndugu mkubwa wa kitofali cha LEGO, isipokuwa yeye anabeba paa. Mtafiti wa Kitanzania Simion Kintingu aliyaandikia matofali hayo tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 2009. Alichunguza jinsi hitilafu ndogo ya tofali moja moja inavyojumlika kadiri ukuta unavyopanda, hadi ukuta ukayumba, na jinsi maumbo machache ya ziada yanavyouruhusu mfumo kujenga aina nyingi zaidi za kuta. Hilo ni swali ambalo darasa la tano linaweza kulishika. Ukinunua plastiki, mtengenezaji amekwisha kulijibu kiwandani kwa usahihi wa karibu sehemu moja ya mia ya milimita, nawe hulioni. Ukifyatua vitofali vyako vya udongo unalazimika kulijibu mwenyewe. Udongo husinyaa ukikauka; ukisinyaa kwa sehemu moja ya kumi, kibao cha kufyatulia cha sentimita 8 kitakupa tofali la 7.2. Je, kibao kiwe na urefu gani ili tofali litoke na 8? Wengi watasema 8.8. Watafyatua, watasubiri likauke, watapima, watapata 7.9 na kidogo. Inabidi kugawa 8 kwa 0.9, jibu ni karibu 8.9. Sijui swali la desimali kitabuni linaloadhibu uzembe kwa upole namna hiyo.

Mapingamizi yapo, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba watoto wengi bado hawajui kusoma, kuandika na kuhesabu vilivyo, sasa programu za nini? Jibu langu ni kwamba zoezi la migongo ni zoezi la kuandika. Mtoto ambaye sentensi yake imempotosha mwenzake mbele ya macho yake ana sababu kubwa zaidi ya kuirekebisha kuliko yule aliyewekewa alama nyekundu ya kalamu. Tena linafanyika kwa Kiswahili kinachotumika darasani, na wanaozungumza Kinyambo nyumbani wanajifunza humo humo maneno ya mwelekeo na mpangilio ambayo Kiswahili kinayataka kwa usahihi. Halihitaji somo jipya kwenye ratiba. Linaingia ndani ya vipindi vya Hisabati, Kiswahili na Sayansi vilivyopo. Kuhusu faida ya kujenga kwa akili ya maumbo, uchambuzi wa mwaka 2013 ulioongozwa na David Uttal ulikusanya tafiti 217 na kukuta kwamba uwezo wa kufikiri kwa maumbo na nafasi hufundishika, kwa watoto na kwa watu wazima.

Wengine husema: kama ni vitofali, basi tuagize vile vyenyewe, vyenye mota na vihisio, watoto wetu wasifundishwe kimaskini. Hesabu inakataa. Seti moja ya roboti ya LEGO ya shule imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 300, karibu shilingi 750,000. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ya serikali imekuwa ikikadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Seti moja, basi, inameza ruzuku ya watoto 75 na kutumiwa na watoto wanne kwa wakati mmoja. Isitoshe, LEGO ilisitisha kutengeneza Mindstorms mwishoni mwa mwaka 2022, na shule zilizojenga mafunzo yote juu yake zilibaki zikitafuta vipuri. Mbao hazina tatizo hilo. Ila nakubali jambo moja: ukuta wa mbao hautembei, wala kompyuta haivumilii maelekezo nusunusu kama rafiki anavyoweza kuyakisia. Mtoto akiishia kwenye vitofali tu, atakuwa amejifunza nusu. Ndiyo maana nimesema kwanza, sikusema badala ya.

Lipo pingamizi jipya zaidi, kwamba akili mnemba sasa inaandika programu yenyewe, na kumfundisha mtoto kazi hiyo ni kumpotezea muda. Ningelikubali kama mashine hizo zingesoma nia. Zinasoma maelezo. Anayeeleza vibaya anapata kitu kibaya kilichopangwa vizuri, kama ule ukuta wa mishono iliyopangana, na asiyejua kusaka kosa hatakuwa na kidole cha kuusukumia. Kenya, iliyoidhinisha mtaala wa kampuni ya Kodris Africa wa kufundisha programu shuleni mwaka 2022, itabidi ilijibu swali hilo hilo. Nasi kwa mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024, yenye mkondo wa amali kwa sekondari, tutaulizwa pia.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la mwalimu. Darasa lenye watoto sabini haliwezi kukaa wawili wawili na kusikilizana kirahisi, na mwalimu aliyezoea kutoa jibu sahihi ataona dakika ishirini za kutafuta hatua iliyokosewa ni dakika ishirini zilizopotea. Kwa idadi, makundi ya watoto saba yanawezekana: mmoja anasoma, wawili wanajenga, wanne wanafuatilia hatua kwenye daftari na kunyoosha mkono majengo yanapoachana. Kwa mazoea ya mwalimu, hakuna njia ya mkato. Anahitaji kulifanya zoezi yeye mwenyewe kwanza, na mwalimu mwenzake, wapeane migongo. Seti ya vitofali 120, vizima na nusu, inakatwa na seremala mmoja, na fundi mwashi wa jirani akialikwa kueleza timazi na pima maji atajaza kipindi kizima bila maandalizi. Baadaye ile kompyuta ya ofisini inaweza kutolewa darasani kwa saa moja kwa wiki. Scratch inapatikana kwa Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa, na mtoto aliyekwisha kuandika sharti la kozi ya pili ataitambua amri ya sharti mara tu atakapoiona kwenye skrini.